Drili iliyopauka haihitaji mafuta

Kwenye meza na maturubai ya wauza vifaa vya mtumba, kuanzia Kariakoo hadi Gikomba, bei ya drili huanza kupanda au kushuka kabla haijachomekwa kwenye umeme. Macho ndiyo yanayopima kwanza. Drili iliyokuwa ya bluu na sasa ina rangi ya jivu, grenda nyekundu iliyoota weupe, randa ya umeme ambayo njano yake imekufa: vyote huhesabiwa vizee, na mnunuzi hupunguza dau palepale. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana kitambaa chenye mafuta hakikosekani pembeni yake. Akikipitisha mara mbili tu, bluu inarudi, na bei inarudi nayo. Nadhani wote wawili wanakosea. Mnunuzi anakosea kuamini kwamba kupauka ni uzee wa mashine nzima, na muuzaji anakosea kuyaita mafuta matengenezo. Kilichoharibika ni tabaka jembamba la nje, na dawa yake ni kuliondoa tabaka hilo kisha kulikinga lililo chini yake. Na kazi hiyo inahusu zaidi ya urembo, kwa sababu bodi ya kifaa cha umeme cha mkononi ndiyo inayotenganisha kiganja cha fundi na volti 230.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wilhelm Emil Fein wa Stuttgart alipotengeneza drili ya umeme ya kubebwa mkononi mwaka 1895, na hata Black & Decker walipopata hataza ya drili yenye mshiko wa bastola na swichi ya kidole mwaka 1917, bodi zilikuwa za chuma au alumini. Vifaa hivyo vilidumu, lakini vilikuwa vizito, na waya ukichunika ndani, bodi nzima ilishika umeme. Kinga ilikuwa waya wa erthi, na erthi hufaa pale tu ambapo soketi imefungwa sawasawa, jambo ambalo anayezijua nyumba zetu hawezi kuliapia. Plastiki ndiyo iliyobadili hesabu. Nailoni ilipatikana katika maabara ya DuPont mwaka 1935 chini ya Wallace Carothers, na mwaka 1938 Paul Schlack akapata nailoni 6 huko Ujerumani. Nailoni hiyo ikichanganywa na nyuzi fupi za kioo, mara nyingi kiasi cha asilimia 30 ya uzito, huwa ngumu vya kutosha kubeba beringi na kuvumilia joto la mota, na ndiyo iliyotengeneza bodi za drili na grenda nyingi za kazi nzito. Vifaa vya bei nafuu hutumia zaidi ABS, plastiki ileile ya vipande vya Lego. Kwa bodi za namna hiyo waya wa erthi ukaondolewa kabisa. Geuza drili ya kisasa ya kuchomekwa kwenye umeme usome kibandiko chake: kwa kawaida utaona alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba kifaa kina uhami maradufu, yaani mbali na kinachohami mota na nyaya zake, kuna kinga ya pili isiyopitisha umeme, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ni plastiki unayoishika. Ufa kwenye bodi ya aina hii ni sawa na kukata waya wa erthi kwenye mashine ya zamani.

Jua nalo hufanya nini? Miale ya urujuanimno, hasa yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 290 na 400 inayofika ardhini, ina nguvu ya kuvunja viungo vya kemikali vinavyoshikilia minyororo mirefu ya molekuli za plastiki. Palipovunjika, oksijeni ya hewani huingia, na kila mnyororo uliooksidishwa huwa chanzo cha kuvunjika kwa mwingine. Katika ABS, kinachoshambuliwa mapema ni chembe za mpira wa butadieni zilizomo ndani yake, ambazo ndizo zinazoifanya isivunjike ovyo. Ndiyo maana ABS iliyokaa juani huwa ya manjano kwanza, kisha huwa kavu na hupasuka kwa kishindo kidogo. Katika nailoni yenye nyuzi za kioo mambo huenda tofauti. Nailoni ya juu kabisa huliwa na kupukutika, na nyuzi za kioo zilizokuwa zimezikwa hubaki wazi, nyeupe, zikisimama kama vinyweleo visivyoonekana kwa jicho tupu. Fundi anayeshika grenda ya namna hiyo kutwa nzima huwashwa viganja bila kujua sababu. Hata bodi nyeusi, ambazo masizi yaliyochanganywa ndani yake ni kinga nzuri dhidi ya urujuanimno, hugeuka kijivu kwa njia hii. Eneo letu nalo halisaidii. Karibu na ikweta kipimo cha miale hiyo hufika mara nyingi 11 na zaidi, daraja ambalo Shirika la Afya Duniani huliita la kupindukia, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale hiyo kwa takriban asilimia 10. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ina jua la wastani kwa ngozi ya mtu aliyezoea joto la Mombasa, lakini kwa plastiki halina upole wowote.

Sasa tuje kwenye ushahidi kwamba uharibifu huu ni wa juujuu. Upo wa aina tatu, na kila mtu anaweza kuutazama mwenyewe. Bandua kibandiko cha drili iliyopauka: chini yake utakuta mraba wa rangi ya kiwandani, umelindwa na kipande cha karatasi au plastiki chenye unene usiofika nusu milimita. Fungua bodi vipande viwili na utazame upande wa ndani: rangi iko palepale. Ushahidi wa tatu ndio wenye maana zaidi. Lowesha kitambaa maji matupu, futa sehemu iliyopauka, utazame. Rangi itarudi papo hapo, ing'ae, na baada ya dakika chache maji yakikauka itapotea tena. Maji hayana rangi. Hayawezi kuwa ndiyo yaliyoileta. Kilichotokea ni kwamba uso wa plastiki umejaa vishimo na nyufa ndogo mno, na mwanga unapoupiga hutawanyika kila upande, jicho likaona weupe. Maji yakijaza vishimo hivyo, mwanga hupenya hadi kwenye rangi iliyoko chini na kurudi nayo. Kwa hiyo, katika vifaa vingi, rangi haikufa. Imefunikwa na uso uliochakaa. Vipo vifaa vichache ambavyo kitambaa kibichi hakivibadilishi, hasa vyenye rangi nyekundu, kwa kuwa baadhi ya rangi nyekundu zenyewe huvunjwa na jua. Hivyo vina matatizo mawili kwa pamoja, na kipimo hiki cha maji kinavitambua kabla hujapoteza muda.

Ukielewa kazi ya maji, umeelewa kazi ya mafuta. Dizeli, mafuta ya nazi, kiwi ya viatu, polishi ya dashibodi ya gari, vyote vinafanya kile kilichofanywa na maji, ila vinachelewa kukauka. Mazoea haya nafikiri yametoka kwenye miili yetu: ngozi ya mtu ikipauka hupakwa mafuta ikapona. Lakini ngozi ni hai na hujitengeneza. Plastiki iliyooksidishwa haijitengenezi, na hakuna mafuta yanayounga mnyororo wa molekuli uliokatika. Mafuta ya kupikia na ya nazi hukusanya vumbi, na vumbi la karakana si vumbi la barabarani tu. Kuna unga wa chuma kutoka kwenye jiwe la grenda, na ndani ya mota kuna unga mweusi unaotoka kwenye kaboni zinazosagika. Vyote viwili hupitisha umeme. Kuvinatisha kwa mafuta kwenye matundu ya kupitishia hewa ni kuvitengenezea njia. Mshiko unateleza, na grenda inayozungusha diski zaidi ya mara 10,000 kwa dakika si kitu cha kushikwa kwa kiganja chenye mafuta. Dizeli hufanya mpira laini wa mshiko uvimbe na kulegea. Petroli na thina ni mbaya zaidi kwa ABS na kwa vifuniko vya polikaboneti: huingia kwenye sehemu zenye mkazo, karibu na skrubu, na nyufa hujitokeza zenyewe hata kama kifaa hakijaanguka. Asitoni huiyeyusha ABS kabisa. Lakini kosa kubwa la mafuta, kwa maoni yangu, ni kwamba huzifunika nyufa. Ufa mwembamba huonekana kwenye bodi kavu kama uzi mweupe. Ukishapakwa mafuta, umetoweka machoni, na mnunuzi anaondoka nao nyumbani.

Wapo wanaotumia kipuliza hewa moto, wakiwa wameona bampa za magari zikirudi weusi kwa moto. Bampa nyingi ni za polipropilini, plastiki inayolainika na kujilaza vizuri, na haina kazi ya kushikilia beringi. Bodi ya drili inayo. ABS huanza kulainika karibu na nyuzi joto 100, nailoni 6 huyeyuka karibu na 220, na kipuliza cha kawaida kinaweza kupita 500. Beringi ikikaa upande hata kidogo, mota huanza kulia na kupata joto, na utakuwa umenunua rangi kwa bei ya mashine. Wengine watauliza kuhusu haidrojeni peroksidi. Swali ni la haki, maana tangu karibu mwaka 2008 wakusanyaji wa kompyuta za zamani kama Commodore 64 na Amiga wamekuwa wakisafisha kwa peroksidi na mwanga bodi zilizogeuka manjano, na matokeo yake yanashangaza. Lakini huo ni ugonjwa mwingine. Njano ile hupatikana kwenye ABS nyeupe na ya kijivu, na huhusishwa na dawa za kuzuia moto zenye bromini. Peroksidi huiondoa njano bila kuufanya uso uliochakaa kuwa laini, na mara nyingi njano hurudi baada ya miaka. Kwa drili ya bluu iliyoota weupe, peroksidi inaweza kuongeza weupe.

Njia ninayoitetea huanza na kutazama kabla ya kusugua. Chomoa kifaa kwenye umeme, au toa betri, kisha kifungue. Piga picha kila hatua, hasa nyaya za swichi na mahali springi za kaboni zilipokaa, kwa kuwa anayefungua kwa kuamini kumbukumbu hubaki na skrubu ya ziada mkononi. Toa mota, gia na swichi, ubaki na plastiki tupu. Upande wa ndani utakuta maandishi madogo yaliyochongwa na kalibu: PA6-GF30 ni nailoni 6 yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo, ABS imeandikwa hivyohivyo. Herufi hizo ndizo zinazokuambia nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki, acha ikauke kabisa, halafu tafuta nyufa kwenye mwanga wa pembeni. Sehemu za kuangalia ni shingo ya mshiko, vinguzo vinavyopokea skrubu, kiti cha beringi, na pale waya unapoingilia. Kunja kidogo kwa mikono, ufa hujifungua. Ukiukuta, kazi ya rangi imeishia hapo. Gundi ya super haishiki nailoni kwa nguvu ya kuaminika, na hata ABS iliyoungwa vizuri haina cheti cha kurudisha uhami wake. Bodi yenye ufa hubadilishwa.

Ikiwa nzima, chukua msasa wa maji. Kwa sehemu laini anza na namba 600 au 800, nenda 1000, malizia 2000 kama unataka kung'aa. Lowesha plastiki na msasa wakati wote. Kwa nailoni yenye kioo hili halina mjadala, maana unga mkavu wa nyuzi za kioo ni hatari kwa mapafu, na barakoa bado inahitajika. Tazama maji yanayotoka. Mwanzoni huwa meupe, mazito, yanafanana na maji ya chokaa. Hayo ndiyo tabaka lililokufa. Yakianza kuchukua rangi ya bodi yenyewe, bluu kwa drili ya bluu, simama. Umefika kwenye plastiki nzima, na kuendelea ni kula nyama bila sababu. Wenye papara hukosea hapa, wakaendelea kusugua kwenye nailoni hadi nyuzi za kioo mpya zikafichuka, na bodi ikapauka upya kwa mikono yao. Sehemu zenye vinundu au michirizi ya mshiko hazisuguliwi kwa msasa kabisa, kwa sababu utavifuta na mashine itateleza. Hizo hupigwa kwa brashi ya nailoni na sabuni ya unga kiasi, polepole. Maandishi na nembo zilizochapwa juu hukwepwa kwa kubandika utepe. Mpira wa mshiko ulioanza kunata una tatizo la namna yake: mchanganyiko wake umeanza kuvunjika au vilainishi vyake vimepanda juu, na husafishwa kwa spiriti na kitambaa, si kwa msasa.

Kuna pingamizi kwamba kusugua kunapunguza unene wa bodi, kwa hiyo kunaidhoofisha. Kwa hesabu ya kawaida ni kweli, kilichoondolewa hakipo. Lakini tabaka lililooksidishwa halikuwa likichangia nguvu; lilikuwa likiipunguza. Plastiki iliyochakaa kwa jua ni kavu na haivutiki, na kishindo kikija, ufa huanza humo. Ukishaanza, hausimami kwenye mpaka wa tabaka bovu na zima. Unakuwa na ncha kali na kasi, na huweza kupasua hata plastiki ya chini ambayo peke yake ingevumilia. Uharibifu wa jua katika ABS huishia kwenye sehemu ya milimita tu, wakati kuta za bodi ya drili huwa na milimita mbili, tatu au zaidi. Kuondoa sehemu ndogo ya milimita ili kuondoa vianzio vya nyufa ni biashara nzuri. Na hapa ndipo linapojibiwa pia neno la fundi anayesema yeye hana haja na sura ya mashine, anataka itoboe tu. Sawa, naye ana haki ya kutojali bluu. Lakini mashine yake itaanguka kutoka kwenye ngazi siku moja, kwa sababu zote huanguka, na siku hiyo tofauti kati ya bodi iliyokauka juu na iliyosafishwa inaweza kuonekana.

Baada ya kusugua huja kinga, na hapa watu wengi hukimbilia rangi ya kupuliza. Sipingi rangi, napinga iwe hatua ya kwanza. Rangi juu ya tabaka bovu hushika tabaka bovu, kisha vyote viwili hubanduka pamoja. Juu ya nailoni safi bado hushika kwa shida bila dawa ya awali ya plastiki. Rangi zenye unga wa metali, zile za fedha na dhahabu, zisikaribie kifaa chenye uhami maradufu. Na matundu ya hewa yazibwe kwa utepe kabla ya kupuliza, la sivyo mota itakosa kupumua. Ninachokipendelea zaidi ni vanishi angavu yenye kizuia urujuanimno, au hata nta ya gari inayopakwa upya kila baada ya miezi michache. Vyote huacha ufa uonekane ukitokea. Kwa nailoni iliyopoteza rangi yenyewe kuna njia ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kuitia rangi ya nguo. Nailoni hiyo ni nailoni ya soksi, na rangi za asidi zinazotumika kwenye vitambaa vya nailoni na sufu huingia ndani yake katika maji ya moto yenye siki. ABS haikubali kwa njia hiyo. Chagua rangi iliyokoza kuliko ya awali, nyeusi ikiwa salama zaidi. Tahadhari moja tu: nailoni hunywa maji, na nailoni iliyolowa huhami umeme vibaya kuliko iliyokauka, kwa hiyo bodi iliyochemshwa iachwe kivulini siku kadhaa kabla ya kufungwa na kuwashwa. Kabla ya kuichomeka, mwombe fundi umeme apitishe mita ya uhami, ile wanayoiita mega. Mwongozo wa ukaguzi unaotumika Uingereza hutaka kifaa cha uhami maradufu kionyeshe angalau megaomu 2 kikipimwa kwa volti 500. Kipimo hicho huchukua dakika moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni la gharama. Mtu atasema: drili mpya ya bei rahisi ipo dukani, bodi ya akiba ya baadhi ya modeli hupatikana, na saa mbili za fundi zina bei. Nakubali kwamba si kila kifaa kinastahili. Drili nyepesi ya ABS ambayo beringi zake zimelegea na gia zake zinakwaruza haitaokolewa na msasa, na bodi ya akiba ikipatikana kwa bei ya busara, inunuliwe, hasa palipo na ufa. Lakini vifaa vinavyofika sokoni vikiwa vimepauka mara nyingi ni vile vya daraja la kazi, vilivyotoka maeneo ya ujenzi Ulaya au Japani, vyenye mota na gia zilizotengenezwa kufunguliwa na kutengenezwa. Vimepauka kwa sababu vilifanya kazi nje, na vilifanya kazi nje kwa sababu viliweza. Hapo msasa wa maji wa shilingi chache na asubuhi moja vinanunua miaka. Mnunuzi aangalie kitu kingine kwanza, hata kabla ya rangi: kifaa kutoka Japani huweza kuwa cha volti 100, na kile chenye plagi kubwa ya njano kutoka Uingereza ni cha volti 110. Vyote huungua vikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu, na hakuna polishi inayoandika hilo.

Lililobaki ni kivuli. Kupauka huendelea hata mashine ikiwa haifanyi kazi: juu ya turubai sokoni kuanzia asubuhi, nyuma ya pikapu, kwenye dirisha la karakana. Kioo cha kawaida huzuia miale mifupi na kuruhusu mingi ya miale mirefu ya urujuanimno, kwa hiyo kuiweka drili ndani ya dirisha hakutoshi. Sanduku, au gunia, linatosha. Muuzaji anayetandaza bidhaa zake juani ili zionekane ndiye anayezishusha bei mwenyewe, kisha anarudisha bei hiyo kwa kitambaa cha mafuta.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba kitambaa kikavu na kichupa cha spiriti. Omba ruhusa, futa shingo ya mshiko na pembezoni mwa skrubu mpaka mng'ao uondoke, kisha tazama palipokauka. Kukiwa na weupe mtupu, jadili bei kwa raha, kazi ya msasa itakuwa yako. Kukiwa na uzi mweupe unaopita kutoka skrubu moja hadi nyingine, irudishe mezani. Na muuzaji akikukatalia kufuta, nenda meza nyingine.